Kusimamia michango kwa haki: mwongozo kwa wakabidhi wa Wikipedia ya Kiswahili

Wikipedia ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 2003, miaka miwili baada ya Jimmy Wales na Larry Sanger kufungua ile ya Kiingereza, na kwa sasa ina makala zaidi ya 80,000. Nyingi kati ya hizo zimeandikwa na watu wanaojitolea: wanafunzi, walimu, wastaafu, wasemaji wa lugha hii walioko Tanzania, Kenya na Kongo, pamoja na wageni waliojifunza Kiswahili wakiwa mbali na pwani. Miongoni mwao wapo wachache ambao wenzao wamewachagua kuwa wakabidhi, na ruhusa waliyopewa ni nzito kuliko inavyoonekana, kwa maana wanaweza kufuta ukurasa, kuulinda usihaririwe na kumzuia mtumiaji asiandike tena. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao, na unaweza kumfaa mtu mwingine yeyote aliyekabidhiwa mamlaka ya kuamua andiko lipi la mwenzake libaki na lipi liondoke.

Jambo moja limebeba mengine yote nitakayoyaeleza. Mchangiaji hawezi kuuona moyo wa mkabidhi, hata uwe mwema kiasi gani. Anachokiona ni uamuzi na sababu iliyoandikwa pembeni yake. Kwa hiyo uamuzi wa haki ni ule wenye sababu iliyotolewa mapema, kwa lugha ambayo mwenye andiko anaielewa, yenye kumwonyesha la kufanya, na ambayo mkabidhi angekuwa tayari kuitoa vilevile kwa mtu mwingine yeyote aliyefanya jambo hilohilo.

Tenga yanayohitaji haraka na yasiyoihitaji

Dhuluma nyingi katika kazi hii hutokana na haraka. Mkabidhi anafungua orodha ya mabadiliko ya karibuni usiku baada ya shughuli zake za mchana, anakuta kurasa nyingi mpya zenye kasoro, na kwa kuwa kufuta kunachukua sekunde chache ilhali kueleza kunachukua dakika kumi, anafuta. Ili usiingie katika hali hiyo, amua tangu mwanzo ni mambo gani yanayohitaji hatua ya papo hapo, kisha yote yaliyobaki yape muda.

Yanayohitaji haraka ni machache. La kwanza ni uharibifu wa wazi, kama vile mtu kufuta makala nzima na kuweka tusi mahali pake. La pili ni madai yanayomchafulia jina mtu aliye hai bila chanzo chochote, kwa sababu madhara yake yanampata binadamu mwenye familia na kazi hata kama maneno hayo yatakaa ukurasani kwa saa moja tu. Na hapa nazihesabu pia taarifa za siri za watu, kama namba ya simu au mahali mtu anapoishi. La tatu ni maandishi yaliyonakiliwa kutoka gazeti, kitabu au tovuti ya mtu mwingine. Yote yanayoandikwa Wikipedia hutolewa kwa leseni ya Creative Commons, inayomruhusu yeyote kuyatumia tena hata kibiashara kwa sharti la kutaja yalikotoka na kutoa kazi mpya kwa leseni hiyohiyo, na mchangiaji hana mamlaka ya kutoa ruhusa hiyo juu ya kazi ambayo si yake. Wengi wanaonakili hawajui hilo. Shuleni walizoea kwamba kunakili kutoka kitabuni ni kujisomea, basi waeleze bila kuwaita wezi.

Mengine yote yanaweza kusubiri. Makala yenye mistari miwili haimdhuru mtu. Iwekee kigezo cha mbegu, yaani alama ya kuonyesha kwamba makala bado ni fupi, uendelee na kazi nyingine. Makala isiyo na tanbihi inaweza kupewa alama ya kuomba vyanzo. Makala ambayo unadhani mada yake haifikii kipimo cha umaarufu inaweza kupelekwa kwenye ukurasa wa makala kwa ufutaji, mahali ambapo wengine wanaweza kutoa maoni yao kwa siku kadhaa kabla ya kufikia uamuzi.

Fungua historia kabla ya kugusa chochote

Kila ukurasa una historia yake, na mkabidhi asiyeisoma anahukumu nusu ya kesi. Angalia mabadiliko ya mwisho yalifanyika lini. Ikiwa mwandishi amehifadhi sehemu yake ya kwanza dakika chache zilizopita, inawezekana kabisa kwamba bado anaandika, tena kwa simu, kwa bando linalokaribia kwisha, na kumwekea kigezo cha ufutaji wakati huo ni kumpiga mtu ambaye bado anavaa viatu. Angalia vilevile kama ukurasa ulikuwa na toleo zuri zaidi kabla ya kuharibiwa na mtu mwingine, kwa kuwa imewahi kutokea katika Wikipedia nyingi kwamba makala nzuri ikafutwa kwa sababu ya toleo lake la mwisho tu.

Baada ya hapo fungua michango ya mtumiaji mwenyewe. Utagundua kama ni mgeni kabisa, kama ameletwa na mashindano au mafunzo fulani, na kama kasoro unayoiona imejirudia katika kurasa zake nyingine. Maarifa hayo hayakusaidii kumhukumu, yanakusaidia kujua uzungumze naye vipi, na wakati mwingine yanakuonyesha kwamba wa kuzungumza naye si yeye hata kidogo bali ni mwalimu au mratibu aliyemleta yeye pamoja na wenzake thelathini bila kuwafundisha namna ya kuweka tanbihi.

Jambo hili la mashindano linastahili kuangaliwa kwa undani, kwa sababu limeandamana na Wikipedia yetu tangu zamani. Mwishoni mwa mwaka 2009 Google iliendesha mashindano ya kuandika makala za Wikipedia kwa Kiswahili, yakiwalenga wanafunzi wa vyuo vya Afrika Mashariki, na mamia ya makala yakaingia katika muda mfupi. Zawadi zilipokwisha kutolewa mapema mwaka 2010, washiriki wengi hawakuonekana tena, na makala zao nyingi zikabaki mikononi mwa wahariri wachache waliopaswa kuzinyoosha moja baada ya nyingine. Tangu hapo mashindano ya namna mbalimbali yamekuja na kupita, na uchovu wa wakabidhi mbele ya mafuriko hayo unaeleweka. Hata hivyo, mwanafunzi aliyejiunga jana hana deni la mwanafunzi aliyetoweka mwaka 2010. Kila anayeingia anastahili kupimwa kwa kazi yake mwenyewe, na asipewe jibu lililokusudiwa kwa waliomtangulia. Wahenga waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, walijua kwamba nyumba isiyopata wageni hubaki na wenyeji wanaozeeka, na hali ya wahariri wetu wa kudumu, ambao idadi yao ni ndogo mno kwa lugha inayosemwa na mamilioni ya watu, inatosha kuthibitisha hilo.

Andika sababu ambayo mtu anaweza kuifanyia kazi

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Wakabidhi wengi huandika neno moja kwenye muhtasari, yaani mstari wa maelezo unaoambatana na kila hatua, kama vile “takataka”, “haifai” au “tafsiri mbovu”, kisha huendelea na ukurasa mwingine. Neno hilo halipotei. Kila ufutaji na kila uzuiaji huingia katika kumbukumbu ya wazi ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuisoma miaka mingi baadaye, kwa hiyo mwanafunzi aliyejitahidi wiki nzima ataliona neno “takataka” pembeni ya kichwa cha makala yake siku zote. Zaidi ya kuumiza, neno hilo halimwambii afanye nini. Akirudi, atarudi na kosa lilelile, nawe utamwona mkaidi.

Sababu iliyokamilika ina sehemu tatu, nazo zinaweza kuenea katika sentensi chache. Inataja kitu mahususi kilichomo katika andiko, inataja kanuni inayohusika na mahali inapoweza kusomwa, na inataja hatua ambayo ikichukuliwa andiko litakubalika. Chukua mfano wa tafsiri ya kompyuta, ambalo ndilo tatizo kubwa kuliko yote katika Wikipedia ya Kiswahili. Mchangiaji amechukua makala ya Kiingereza, ameipitisha katika programu ya kutafsiri, na ndani yake mwanamuziki amezaliwa “katika chemchemi ya 1971”, kwa kuwa programu haikujua kwamba “spring” hapo ni majira ya mwaka, na mji umejengwa kando ya “benki ya mto”. Unaweza kumwandikia hivi katika ukurasa wake wa majadiliano:

“Salamu, ndugu. Asante kwa kuanzisha makala hii. Mada yake ilikuwa inakosekana. Nimeona sehemu kubwa imetafsiriwa na programu bila kupitiwa, kwa mfano katika aya ya pili kuna ‘benki ya mto’, ambapo kwa Kiswahili tungesema ‘ukingo wa mto’. Nimeirekebisha aya hiyo ili uone namna ninavyomaanisha. Tafadhali pitia aya zilizobaki, na zile usizoziweza zifute kwa sasa, kwa kuwa makala fupi inayoeleweka ni bora kuliko ndefu isiyosomeka. Nitaiangalia tena baada ya wiki moja, na ukikwama niandikie hapahapa.”

Ujumbe wa namna hiyo unachukua muda, nami najua kwamba mkabidhi mwenye kurasa nyingi mbele yake hawezi kuuandika upya kila mara. Uhifadhi mahali pako kama kiolezo, lakini mfano uliomo ndani yake uwe umetoka katika makala ya mtu huyo kila unapoutuma, kwa sababu mfano huo ndio unaomthibitishia kwamba umesoma alichoandika. Mtu aliyesomwa huvumilia kusahihishwa. Ukiahidi wiki moja, subiri wiki moja kamili, na kama hakuna kilichofanyika, hapo una haki ya kufuta, na katika muhtasari utataja ujumbe uliomwachia.

Zungumza juu ya andiko, usizungumze juu ya mtu. Mwezi Agosti 2020 iligunduliwa kwamba maelfu ya makala katika Wikipedia ya lugha ya Kiskoti yalikuwa yameandikwa na kijana mmoja wa Marekani asiyeijua lugha hiyo, ambaye alianza kazi hiyo akiwa bado mtoto. Hasara kwa lugha ile ilikuwa kubwa na ya kweli, na kusafisha kurasa zile kulikuwa kwa lazima. Lakini matusi yalimfuata kijana yule yeye binafsi kutoka kila upande, hali kila alichokifanya kilikuwa wazi katika historia za kurasa kwa miaka, na waliokuwa na uwezo wa kukitazama walikuwapo. Kwa lugha kama yetu, ambayo nayo ina wahariri wachache na makala nyingi zilizotafsiriwa kwa kompyuta, funzo ni la moja kwa moja: kagua mapema, sema mapema, na hata pale unapolazimika kufuta kazi yote ya mtu, mwache aondoke na heshima yake.

Kipimo kiwe kimoja, lakini kijue unapima nini

Jaribio rahisi la usawa ni kubadilisha majina. Kabla ya kufuta makala ya mchezaji wa Yanga kwa sababu haina vyanzo, jiulize kama makala ya mchezaji wa Simba mwenye rekodi ileile na upungufu uleule ungeiacha. Fanya hivyo kwa vyama vya siasa, kwa madhehebu, kwa makabila, kwa wasanii wa kizazi kipya na waimbaji wa taarabu. Ikiwa jibu lako linabadilika jina linapobadilika, basi umekipata kile kilichokuwa kinakusukuma, na makala hiyo mwachie mkabidhi mwingine.

Lakini kipimo kimoja hakina maana ya kudai ushahidi wa sura moja kutoka kwa kila mada. Mchezaji wa mpira wa London ana mamia ya taarifa mtandaoni. Mtemi wa Unyamwezi wa karne ya 19 huenda ana kurasa chache katika kitabu kilichopigwa chapa zamani na makala moja katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Mshairi wa Lamu anaweza kuwa amejadiliwa katika majarida ya Mulika au Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo matoleo yake mengi ya zamani yapo katika maktaba kuliko kwenye skrini. Kanuni ya Wikipedia inataka chanzo kinachoweza kuthibitishwa, na kitabu kinachopatikana maktabani kinathibitika hata kama hakibonyezeki. Mkabidhi anayekataa tanbihi ya kitabu kwa sababu tu hakuipata kwa kutafuta mtandaoni anaifanya historia yetu ionekane haina ushahidi, wakati ushahidi upo na mtu ameuleta. Muulize mchangiaji jina la mwandishi, mwaka, mchapishaji na ukurasa. Akikupa hayo, ametimiza wajibu wake.

Kuna upande mgumu zaidi, nao ni masimulizi ya mdomo. Mengi ya koo zetu, ngoma zetu na vijiji vyetu hayajaandikwa na mtu yeyote, na mchangiaji anapoandika “nimesimuliwa na babu yangu”, Wikipedia haiwezi kulipokea hilo kama chanzo, kwa kuwa msomaji hana njia ya kulihakiki. Hukumu hiyo inauma, na naamini haiepukiki maadamu kamusi elezo inajengwa juu ya maandishi yaliyochapishwa. La sivyo, kila mwenye ugomvi wa ardhi au wa ukoo angekuja na babu yake. Unachoweza kufanya ni kumweleza hayo kwa staha, kumsaidia kutafuta kama mtafiti fulani aliwahi kurekodi habari za eneo lile, na kumshauri ayachapishe masimulizi hayo kwingine, katika gazeti au jarida, ambako yanaweza baadaye kurejelewa.

Usawa unahusu pia Kiswahili chenyewe. Mwandishi wa Nairobi akiandika tarakilishi, runinga na rununu, na mwenzake wa Morogoro akizoea kompyuta, televisheni na simu ya mkononi, hakuna aliyekosea. Kusahihisha upatanisho wa kisarufi au tahajia ni kazi halali ya kila mhariri, ila kuyageuza maneno ya upande mmoja kuwa ya upande wa pili kwa sababu ndiyo masikio yako yaliyoyazoea ni kumwambia mchangiaji kwamba nyumba hii si yake. Wikipedia ya Kiingereza iliutatua mgogoro wa aina hii kati ya tahajia za Uingereza na za Marekani kwa kukubaliana kwamba mtindo uliotangulia katika makala usibadilishwe bila sababu ya msingi, na mada yenye uhusiano mkubwa na nchi fulani ifuate matumizi ya nchi hiyo. Utaratibu huo unatufaa sana. Makala kuhusu kaunti za Kenya iandikwe kama Wakenya waandikavyo, na kuhusu mikoa ya Tanzania vivyo hivyo. Kwa wenzetu wa Kongo, ambao Kiswahili chao cha kila siku kimeachana zaidi na kile cha vitabuni, kazi ya mhariri ni kunyoosha sentensi iweze kusomwa na wote huku akihifadhi habari waliyoileta, kwa kuwa habari za Lubumbashi au Bukavu mara nyingi hakuna mwingine wa kuzileta.

Usihukumu kesi yako mwenyewe

Mkabidhi ni mhariri pia, na ana haki ya kubishana kuhusu maudhui ya makala kama mtu mwingine yeyote. Akishaingia katika ubishi huo, ruhusa zake za ukabidhi hazina nafasi tena katika ukurasa ule: asiulinde ukurasa ubaki na toleo lake, asimzuie mpinzani wake, asifute mjadala. Aite mkabidhi mwingine asiyehusika, amweleze mgogoro pasipo kumwelekeza uamuzi, na akubali atakachoamua. Kurudisha toleo lako mara kwa mara dhidi ya mtu mmoja ni dalili tosha kwamba umeshakuwa upande. Katika Wikipedia ya Kiingereza, kurudisha zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24 katika ukurasa mmoja kunaweza kumfanya mhariri azuiwe, awe mkongwe au mgeni.

Kile kinachoweza kutokea kanuni hii ikipuuzwa kinajulikana. Kwa takriban muongo mmoja kuanzia mwaka 2011, kundi dogo la wakabidhi liliishika Wikipedia ya Kikroatia, likawazuia wahariri waliopinga, na likaacha historia iliyopotoshwa ienee, hasa kuhusu dola ya Ustaša, utawala wa kifashisti wa Kroatia wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Wakfu wa Wikimedia, shirika linaloendesha Wikipedia, ulichapisha tathmini ya mambo hayo mwaka 2021. Waliolalamika walilazimika kupeleka malalamiko kwa watu walewale waliowazuia. Wikipedia ndogo iko katika hatari hiyo daima, hata kama watu wake wote ni waadilifu, kwa kuwa wanaoamua ni wachache na wanafahamiana. Ndiyo maana kanuni za maadili zinazohusu miradi yote ya Wikimedia, ambazo bodi ya wakfu huo ilizipitisha Desemba 2020, zinataja matumizi mabaya ya madaraka miongoni mwa mambo yasiyovumilika.

Uzuiaji na haki ya kusikilizwa

Kumzuia mtu ni hatua ya kulinda kazi iliyopo isiendelee kuharibiwa. Haikusudiwi kuwa adhabu, na kwa hiyo urefu wake unapaswa kulingana na hatari inayoendelea. Anza na onyo lililo wazi linalotaja kitendo na matokeo yake. Kisha zuia kwa saa chache au siku moja, na uongeze muda ikiwa kitendo kimerudiwa baada ya onyo. Uzuiaji usio na ukomo wabakie nao wanaotumia akaunti kwa uharibifu tu, kwa matangazo ya biashara au kwa kuwatishia wenzao.

Kuwa mwangalifu zaidi na anwani za intaneti. Kampuni za simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani moja, na anwani hiyo hubadilika mikononi mwao kila wakati, kwa hiyo ukiifungia kwa mwaka mzima kwa sababu ya kijana mmoja aliyeandika upuuzi, unaweza kuwa umewafungia wanafunzi wa chuo kizima ambao hawatajua kamwe walikosa nini. Wachangiaji wengi wa Afrika wamewahi kukutana na ujumbe wa kuzuiwa kabla hawajaandika hata neno moja. Kwa anwani, saa chache hutosha karibu kila mara, na uache mlango wa kufungua akaunti ukiwa wazi.

Aliyezuiwa aachiwe ukurasa wake wa majadiliano, ili aweze kujieleza na kuomba kufunguliwa. Ufunge huo pia pale tu anapoutumia kutukana. Ombi lake lisomwe na mkabidhi mwingine, asiwe yule aliyemzuia. Hili si jambo geni kwetu. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Tanzania inampa mtu ambaye haki na wajibu wake vinaamuliwa na mahakama au chombo kingine fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufani, na Ibara ya 47 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamhakikishia anayeathiriwa na hatua ya kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Katiba hizo hazikuandikwa kwa ajili ya tovuti, wala mkabidhi si hakimu, lakini mtu aliyekulia chini ya kanuni hizo anajua akitendewa visivyo, na Wikipedia haipaswi kumpa chini ya kile ambacho angekidai katika ofisi ya kata.

Unapobadilisha uamuzi

Ukurasa uliofutwa haujapotea. Mkabidhi yeyote anaweza kuurudisha. Kwa hiyo mchangiaji akija na vyanzo ambavyo havikuwapo, au akionyesha kwamba sababu uliyotoa haikulingana na kilichoandikwa, rudisha ukurasa siku hiyohiyo na uandike katika muhtasari ni nini kilichobadilisha uamuzi. Hata pale ambapo makala haiwezi kurudi, akiomba maandishi yake ili ayafanyie kazi, yahamishie kwenye ukurasa mdogo chini ya jina lake la mtumiaji, isipokuwa kama yalinakiliwa au yanamchafua mtu.

Ukitaka kubatilisha uamuzi wa mkabidhi mwenzako, mwandikie kwanza na umpe muda wa kujibu, kwa kuwa huenda aliona jambo ambalo wewe hukuliona. Akikaa kimya au mkishindwa kuelewana, peleka suala kwenye ukurasa wa jumuiya ambapo wote wanaona, na si katika kikundi cha WhatsApp cha wakabidhi, maana mchangiaji anayehusika hayumo humo. Mjadala ukifungwa, utunze katika jalada lake hata kama ulikwenda kinyume na maoni yako, na weka kiungo chake katika ukurasa wa majadiliano wa makala, kwa sababu mtu atakayekuja mwakani na makala ya aina hiyo ana haki ya kuzisoma hoja zilizotolewa, azitumie au azipinge.